Mwanasaikolojia Bado Hajazinduliwa

Ninayo heshima kubwa, na furaha ya kiwango kinachoruhusiwa kiofisi, kuutangazia umma wa Arusha na vitongoji vyake, kuanzia vichochoro vya Ngarenaro hadi miteremko ya Nkoaranga, kwamba ile adha ya kumtafuta mwanasaikolojia mwenye leseni katika eneo lako sasa imekwisha. Yupo. Nimemwona kwa macho yangu. Amekaa kwenye chumba kilichopakwa rangi ya maziwa pale Tengeru, jirani na soko, na leseni yake imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo. Limebaki jambo dogo tu la kiutaratibu. Hajazinduliwa.

Mimi naitwa Jamaldini. Ni Afisa Itifaki na Uzinduzi katika Ofisi ya Uratibu wa Utulivu wa Nafsi ya Kanda. Kwetu ni Lindi, kwenye korosho na joto la kueleweka, lakini nimehamishiwa huku kwenye baridi ili nilete utaratibu. Watu wengi hawaielewi kazi yangu. Wanadhani nakata tepe. Sikati tepe mimi, anayekata ni mgeni rasmi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kabla mgeni rasmi hajakata, hakuna mwananchi aliyefaidika.

Asiyejua kazi atauliza: jamani, kuna ubaya gani watu wakifaidika mapema? Basi nimkumbushe kisa cha choo cha soko moja ambalo sitalitaja. Tulijenga choo cha maana, vigae vyeupe, maji yanatiririka. Mgeni rasmi akafika na king'ora. Akahutubia, akakata utepe, akausukuma mlango huku kamera zinamwandama, akamkuta mama muuza maparachichi amechuchumaa. Mama wa watu wala hakushtuka. Alisema, "Karibu baba, namalizia." Picha ile ilizunguka kwenye simu za watu mpaka Namanga. Siku hiyo niliapa kwamba maadamu niko hai, huduma haitamfikia mwananchi kabla ya hotuba.

Ndiyo maana mlango wa Bi. Naisiae una utepe.

Bi. Naisiae ndiye mwanasaikolojia mwenyewe, binti wa Kiarusha, mpole, msomi wa kweli. Aliripoti kazini masika ilipoanza. Nilimpokea kwa bashasha. Nikamwonyesha kiti chake, kiti cha mteja, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, ambalo lilikuwa limezungushiwa karatasi ya zawadi na halikutakiwa kufunguliwa. Kisha nikamtoa nje na kufunga utepe mlangoni.

"Sasa kesho nitaingiaje kazini?" aliuliza.

"Kazini utaingia. Mlangoni ndiyo hutaingia."

Tulilijadili suala hilo kwa kina, na Ofisi ikaja na ubunifu wa dirisha. Stuli ya plastiki nje, stuli ya plastiki ndani, na mlinzi wetu Lesian kumshikia mkoba. Kila asubuhi Bi. Naisiae anapanda, anajipenyeza, anakaa kwenye kiti chake, anasubiri kuzinduliwa. Jioni anatoka kwa njia hiyohiyo. Sijapata kuona mtumishi wa umma anayeingia kazini kwa bidii namna ile, na nilimpendekeza awe mfanyakazi bora.

Kwa upande wa mgeni rasmi, tulipata bahati ya Mheshimiwa Solomoni, Mratibu Mkuu wa Kanda, bosi wangu. Ni mtu mwenye shughuli nyingi. Mara ya kwanza aliahirisha kwa sababu ya mvua. Mara ya pili alipata uzinduzi wa kalavati, na kalavati haliwezi kungoja, maji yanapita. Akili ya mtu inaweza kungoja. Baadaye akawa anasema tu hajisikii vizuri. Kwenye simu sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyejifungia bafuni. Lakini mimi ni nani hata niipime sauti ya mkubwa? Nikasogeza tarehe mbele.

Basi, katika kipindi hicho cha mafanikio, ndipo akaja kijana mmoja anaitwa Ezra. Ni fundi wa kuchomelea mageti pale Ngarenaro, mzaliwa wa Nkoaranga, ovaroli lake limetobolewa na cheche kila mahali. Aliingia ofisini kwangu, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema shida yako kwa ufupi."

"Natafuta mwanasaikolojia mwenye leseni."

Nilifarijika sana. Wananchi wengi husema "yule dada wa ushauri" au "daktari wa mawazo". Huyu alitaja cheo kamili. Nikampa kiti.

Alinieleza kwamba mke wake, Jackline, alijifungua mtoto wa kike wakati wa mvua. Mtoto mzima, mama mzima, majirani wakapiga vigelegele. Mama yake Ezra akashuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi ili mzazi anywe mtori mpaka ang'ae. Mtori ulinywewa. Lakini Jackline hakung'aa. Akiletewa mtoto ananyonyesha, akimaliza anamrudisha, anageukia ukuta. Usingizi hana. Mtoto anaitwa Sinyati, na tangu apewe jina hilo mama yake hajalitamka hata mara moja. Jirani akasema ni kijicho. Dukani wakamuuzia dawa ya kuongeza damu. Mchungaji akaomba, akaomba vizuri tu, halafu akamwambia Ezra tafuta na mtaalamu. Ezra akazunguka mji mzima, akaambulia tangazo kwenye nguzo ya umeme: dokta wa saikolojia, nyota, mapenzi, pia anafungua simu zilizojifunga.

"Ana leseni huyo?" nilimuuliza.

"Ana namba ya simu."

"Hapo ndipo mnapokosea. Wasio na leseni wamejaa, na unawapata saa yoyote. Mwenye leseni ni mmoja tu, na hapatikani. Huo ndio unaitwa ubora."

Ezra aliangalia sakafu. "Mzee, juzi Jackline kaniambia mtoto angekuwa na heri kama yeye mama yake asingekuwepo duniani. Hakulia wala nini. Alisema hivihivi tu, anakunja nepi. Mimi karakana nimeifunga, naogopa kumwacha peke yake. Hapa nimemwacha na mama. Nisaidie, mzee wangu."

Hata mimi nina binti. Lakini huruma isiyo na utaratibu ni fujo tu. Nikafungua droo nikampa kadi yenye maua pembeni.

"Hii ya nini?"

"Mwaliko wa uzinduzi. Siku hiyo utamwona mwanasaikolojia, mubashara."

"Lini?"

"Tarehe itatangazwa."

Akageuza shingo, akaangalia nje. Kutoka ofisini kwangu dirisha la Bi. Naisiae linaonekana vizuri kabisa, na Bi. Naisiae alikuwa amekaa hapo, ameshika tama. Alimpungia Ezra mkono.

"Mzee, si huyo dada pale? Si ninamwona?"

"Unamwona isivyo rasmi."

"Nikienda kumsalimia?"

"Salamu ni ruksa. Ukimweleza shida, hiyo sasa ni huduma."

"Na akisikia kwa bahati mbaya?"

"Ndiyo maana tumemwekea redio."

Alikwenda kumsalimia. Salamu ile ilikuwa ndefu kupita kiasi, na niliona Bi. Naisiae ameizima redio. Alimwambia mpeleke mkeo hospitali leo hii, usilale naye nyumbani hivyo. Ezra akafanya hivyo. Hospitali walimpokea Jackline vizuri, wakamlaza, wakampa dawa za usingizi, na walipomruhusu wakasema bado anahitaji mtu wa kukaa naye na kuzungumza, tena mara kwa mara. Wakamwelekeza kwa mwanasaikolojia mwenye leseni aliye karibu. Tengeru.

"Wamenirudisha kwako," Ezra aliniambia, amesimama palepale aliposimama mwanzo.

Nilijisikia fahari. Mfumo ulikuwa unafanya kazi.

Jioni ile Bi. Naisiae aliruka dirisha akaja mezani kwangu bila hata kuvaa viatu. "Bwana Jamaldini, yule mama hawezi kusubiri utepe. Niruhusu nimfuate Ngarenaro."

"Ukitoka nje ya eneo la uzinduzi, mgeni rasmi atazindua nini? Viti?"

"Basi nitajizindua mwenyewe!"

Hili lilinikasirisha. Nilimweleza, kwa sauti ya baba, kwamba kujizindua ni kosa la nidhamu. Ataondolewa, nafasi yake itarudishwa juu, na eneo hili litakaa tena bila mwanasaikolojia mpaka wajukuu zetu waote mvi. Machozi yakamlenga. Akanyoosha mkono kutafuta karatasi laini, kisha nadhani akakumbuka kwamba ziko kwenye boksi la zawadi, akajifuta kwa kiganja.

Kusema kweli hata mimi nilianza kumsumbua Mheshimiwa. Nilimpigia mpaka akachoka. Mwisho akasema, kwa ile sauti yake ya bafuni, "Haya, Jumamosi." Jumamosi ni siku ya soko kubwa la Tengeru, watu hawakosekani. Nikakodi mahema, nikaita kwaya, nikaagiza pilau. Nikamwandaa pia mnufaika. Uzinduzi bila mnufaika wa kutoa ushuhuda ni kama harusi bila bibi harusi. Kwa kuwa hakuna aliyekwisha kunufaika, kwa juhudi zangu mwenyewe, nikamteua karani wangu Kandida. Nikamwandikia: "Kabla ya kituo hiki nilikuwa na huzuni nyingi, lakini sasa nina tabasamu pana." Kandida ni Mchagga wa Kibosho, hatabasamu ovyo. Tukafanya mazoezi.

Tatizo likawa utepe. Ule wa mwanzo ulikuwa umepauka kwa jua na mvua. Nikataka mpya, wa rangi za bendera. Bluu nikapata, njano nikapata, mweusi nikapata. Kijani kimekwisha maduka yote, kimechukuliwa na watu wa kamati ya harusi. Nilikaa kitini nimeshika kichwa. Bendera isiyo na kijani mbele ya Mratibu Mkuu? Kazi ingeota mbawa.

Hapo ndipo akaingia mama yake Ezra, Bibi Nanyori. Mwanamke mzee, sweta juu ya khanga, viatu vimejaa udongo mwekundu wa njia za mlimani, na kitoto Sinyati mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwonyesha kiti, hakukaa. Akaingiza mkono ndani ya khanga, akatoa jani moja refu, la kijani, limepigwa fundo katikati. Akalinyoosha kwangu kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Nakuomba, mwanangu. Mruhusu mkwe wangu aingie kwa huyo dada."

Nililipokea. Lesian, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia. Kandida aliacha kuchapa.

"Mzee," Kandida alininong'oneza, "hilo ni isale. Huku kwetu ukiletewa isale hukatai. Hata mtu aliyeuliwa ndugu yake, akiletewa isale anasamehe. Ukishalipokea umekubali."

"Nani kakubali? Nimepokea. Kupokea na kukubali ni idara mbili tofauti."

"Na halikatwi, mzee. Wala halitupwi. Tafadhali."

"Kwani nani anatupa?"

Nilikuwa nalitazama jani. Kijani! Kijani kilichoiva, kilekile kilichokosekana mjini kote. Jamani, Mungu si Athumani. Nikasimama, nikamshukuru Bibi Nanyori kwa niaba ya Ofisi kwa moyo wake wa kuchangia mapambo ya shughuli ya kitaifa. Bibi aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha basi ambacho herufi zimefutika.

"Lakini umelipokea?" aliuliza.

"Nimelipokea, bibi."

"Basi," akasema, akaweka sawa mbeleko, akaenda zake.

Nililifunga mwenyewe, katikati kabisa ya utepe, pale hasa mkasi unapopita. Lesian alikataa kunishikia stuli, akasema ana maumivu ya mgongo. Kandida akasema yeye macho yanamuuma. Niliona ni uvivu wa kawaida wa watumishi wanaponusa pilau.

Jumamosi ikafika. King'ora kikalia tangu barabara ya Moshi, kwaya ikaimba, vumbi likatimka. Kandida alitoa ushuhuda wake kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Ezra alikuwa nyuma kabisa ndani ya hema la wananchi pamoja na mama yake na Jackline. Nilimwona Jackline kwa mara ya kwanza. Msichana mdogo tu, gauni jipya linamning'inia, anaangalia nguzo ya hema. Makofi yakipigwa, yeye hapigi. Ezra alikuwa amemshika mkono kwa nguvu, kama anayevuka naye mto. Nilijisemea moyoni, vumilia binti, imebaki hotuba tu.

Mheshimiwa Solomoni akasogea mlangoni, kipaza sauti kimebanwa kifuani. Nilikuwa pembeni yake na mto mwekundu wenye mkasi. Jasho lilimtoka, nikadhani ni suti. Akachukua mkasi, akautanua mbele ya kamera. Kisha akaganda.

"Jamaldini," alininong'oneza, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, alimnong'oneza kila mtu pamoja na wauza vitunguu wa sokoni, "hili jani kaliweka nani?"

"Mimi mwenyewe, Mheshimiwa." Nikavuta kifua kungoja pongezi.

"Unajua ni kitu gani?"

"Ni kijani cha bendera, Mheshimiwa."

Kutoka kwenye mahema ukatoka mguno wa kina mama, "Eee!" Nilikuwa nimemwandalia Mheshimiwa wasifu mrefu, shahada zake zote na safari zake zote za nje, na ndani ya wasifu huo niliandika kwa mkono wangu kwamba amezaliwa Akheri, hapohapo juu, kwenye migomba ya Meru. Nililiandika nikalipita.

"Kata wewe," aliniambia, akinipa mkasi.

"Mheshimiwa, mimi si mgeni rasmi."

"Dereva!"

Dereva wake, Mchagga wa Marangu, alikuwa ameinama ghafla anakagua tairi. Lesian alikuwa amekwenda kulinda choo. Mchungaji wa sala ya ufunguzi alifungua Biblia akaanza kusoma kimyakimya. Mkasi ukabaki mkononi mwa mtu mkubwa kuliko wote kwenye Kanda.

"Lina ombi la nani?" aliuliza, sasa kwa sauti kamili.

Bibi Nanyori akasimama. "Ombi ni langu, baba. Mkwe wangu anaumwa moyo, anataka kuingia humo kwa huyo dada. Nilimpelekea bwana huyo isale, akalipokea kwa mikono yake."

Mheshimiwa akanigeukia. Nimetazamwa na mabosi wengi katika utumishi wangu, lakini sijatazamwa vile.

"Ulilipokea?"

"Kwa niaba ya Ofisi, Mheshimiwa."

"Ofisi ni nani?"

"Ni... ni wewe, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo umenipokelea mimi." Akafuta jasho kwa tai. "Aingie huyo mama."

"Samahani Mheshimiwa, kituo hakijazinduliwa, na kwa kuwa utepe haujakatwa mlango hauwezi..."

Mlango ukafunguka. Unafungukia ndani, na haukuwa umepigwa kufuli hata siku moja. Sote tulikuwa tumeshughulika na dirisha. Bi. Naisiae alisimama kizingitini, akamwita kwa jina: "Jackline, karibu." Ezra akamleta taratibu katikati ya mahema, mbele ya wakuu wote. Walipofika kwenye utepe Jackline alisimama, mikono imelegea, nikaona kabisa kwamba akirudi nyuma hapo hatarudi tena. Mimi ndiye niliyeufunga utepe ule. Bi. Naisiae akaunyanyua juu kwa kidole, jani na fundo lake na yote, na Jackline akainama, akapita. Mlango ukafungwa.

Mpiga kinanda, kwa kuona kuna tukio, akawasha muziki. Mlango ukafunguka tena, kikatokea kichwa cha Bi. Naisiae.

"Naomba muziki uzimwe. Nina mteja."

Ukazimwa. Mheshimiwa akakaa kwenye benchi la nje ya mlango, lile la wateja, hotuba imevimba mfukoni.

"Na hotuba?" nilimuuliza.

Akaniwekea kidole mdomoni. Kidole chake, mdomo wangu. Basi shughuli nzima ya kiserikali, wakuu wa idara, kwaya, wapiga picha, ikakaa kimya kwa ajili ya mke wa fundi geti. Soda zilifunguliwa zimefunikwa na kitambaa zisilie. Watu walitafuna pilau kwa adabu. Ezra alisimama tu, uso kaukabili ukuta, anasubiri.

Jackline alitoka macho yamevimba, mkononi ana karatasi laini, na nikatambua kwa uchungu kwamba boksi letu limefunguliwa. Hakumwangalia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Nanyori, akachungulia mgongoni.

"Sinyati amekula?" aliuliza.

Ezra aligeuka kama aliyepigwa shoti. Bibi Nanyori alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, asije akaiharibu saa ile, "Amekunywa maziwa asubuhi, mwanangu. Atakuwa anataka tena." Jackline akanyoosha mikono. Alipompakata mtoto, Ezra alikwenda nyuma ya hema, tukamsikia analia waziwazi, na hakuna aliyemwambia mwanaume halii.

"Hatujamaliza, ndiyo kwanza tumeanza," Bi. Naisiae alimwambia Bibi. "Jumatatu mnirudishie. Na dawa za hospitali asiache." Kisha akaangalia benchi, akasema kama wasemavyo wenye kazi yao: "Anayefuata?"

Hakuna aliyesogea. Halafu Mheshimiwa Solomoni akaweka mkasi juu ya mto niliokuwa nimeushika bado. Akabandua kipaza sauti kifuani, akakiweka nacho. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama. Suti ni ya kubana na tumbo si haba, kwa hiyo ilibidi apige goti moja chini, mbele ya kamera zote. Akapita chini ya isale, mlango ukafungwa.

Nikanyakua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mgeni rasmi anakagua kituo."

Ukaguzi ulichukua muda mrefu. Kuna wakati ndani kulisikika mtu mzima analia, nikaiomba kwaya iimbe, nayo ikaimba ule wimbo wa msibani, taratibu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na tai imepinda. Alinivuta kando.

"Jamaldini, ile mvua haikuwa mvua. Tangu nimzike mwanangu silali. Nilijua nikiingia humo sitajizuia. Nikawa nakwepa mlango."

Nilitafuta la kumwambia kwenye itifaki, sikulipata. Nikasema tu, "Pole, Mheshimiwa."

"Huo utepe usikatwe," akasema, akapanda gari. King'ora hakikulia.

Hivyo ndivyo tulivyo mpaka leo. Isale halikatwi, kwa hiyo utepe haukatwi, kwa hiyo kituo hakijazinduliwa, kwa hiyo kwa mujibu wa taarifa yangu rasmi hakipo. Watu wanakuja kutoka Usa River, kutoka Ngarenaro, kutoka kule juu, kila mmoja anainama chini ya jani lililokauka na kuingia. Mheshimiwa naye huja, bila msafara. Wakubwa wa juu wameniandikia nieleze ilikuwaje wananchi wakafaidika kabla ya hotuba. Mimi, Jamaldini wa kisa cha choo! Tangu hapo usingizi umenihama. Nikifumba macho naona tepe. Chakula hakipiti. Mke wangu amenipigia kutoka Lindi, anasema sauti yangu imekuwa ndogo kama ya mtu aliyejifungia bafuni.

Juzi mchana nikajikaza, nikavaa kitambulisho changu shingoni, nikaenda. Benchi lilikuwa limejaa. Lesian yupo, dereva wa Mheshimiwa yupo, wakuu wa idara wapo, hata Kandida yupo, na nafasi zao nzuri tu. Mwanzoni mwa benchi alikaa Ezra, Sinyati amelala kifuani pake, anamsubiri mkewe aliye ndani. Niliwapita wote, nikashika utepe.

"Mzee shikamoo," Ezra akasema. "Foleni inaanzia kule mwisho."

"Kijana, mimi ni Afisa Itifaki na Uzinduzi."

"Najua, mzee." Alisema kwa upole, anampapasa mtoto mgongo. "Kama una haraka, pitia dirishani umsalimie. Salamu ni ruksa."

Benchi zima likaangua kicheko, halafu wakakumbuka kuna mteja ndani, wakabana midomo. Kandida, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na tabasamu pana. Nikavua kitambulisho nikakitia mfukoni, nikaenda kukaa kule mwisho.